Mwambani, mtumbwini au chini ya taa: namna nne za kuvua Tanganyika kwa mshipi wa mkono

Likizo ya Desemba shemeji yangu alipanda treni Tabora akashuka Kigoma na mfuko wa sandarusi uliofungwa kamba. Ndani mlikuwa na fimbo mbili za mwanzi, ndoano ndogo za perege na viboya alivyochonga kwa magunzi ya mahindi. Kwao anavua Bwawa la Igombe, na anavua vizuri. Asubuhi ya kwanza alisimama kwenye mawe ya Bangwe, akatupa, akangoja. Kiboya kilielea, ndoano ikaning'inia mita moja na nusu chini yake, na chini ya ndoano hiyo kulikuwa na maji mengine ya mita ishirini au thelathini. Siku mbili nzima alipata visamaki vya kiganja. Jioni ya pili akaniuliza, "Shemeji, hivi samaki wa huku wanakaa wapi?"

Nilimjibu kwa maneno mengi, naye hakuelewa, kwa sababu nilimchanganyia njia zote kwa pamoja. Hapa nazitenganisha. Ziko nne: kuvua kutoka mwambani, kuteremsha mshipi wima ukiwa mtumbwini, kukokota chambo nyuma ya mtumbwi, na kuvua usiku chini ya taa za wavuvi wa dagaa. Zote zinafanyika bila mashine, bila fimbo ya dukani na bila kifaa cha kupimia kina. Hakuna iliyo bora kwa kila mtu. Mimi mwenyewe nimezitumia zote na bado huchagua kwa siku.

Kwanza, ziwa lenyewe

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale lilipochimbika zaidi, na duniani ni Baikal pekee, kule Urusi, linalolizidi. Namba hiyo humtisha mgeni, akadhani anahitaji mshipi usio na mwisho. Hauhitajiki. Maji ya chini ya ziwa hili hayana oksijeni. Upande wetu wa kaskazini hewa huishia kwenye mita 100 hivi, na kusini kuelekea Zambia hufika 200 na zaidi. Chini ya mpaka huo samaki haishi. Kwa hiyo ziwa la mvuvi wa Kigoma lina mita 100 tu, na sehemu kubwa ya kazi ya mkono iko kwenye 50 za juu.

Shemeji alikuwa amesoma kwenye simu habari za kuvua trauti katika maziwa ya milimani huko Ulaya na Marekani. Trauti ni samaki wa maji baridi. Maji yakipita nyuzi 20 huanza kutaabika, ndiyo maana majira ya joto ya kule yakiingia huzama kutafuta ubaridi, na wavuvi humfuata huko chini kwa mshipi wenye madini ya risasi ndani yake au kwa mashine ya kuteremshia chubwi zito, yaani kile kizito cha kuzamishia ndoano. Jambo moja la makala zile linafaa hata hapa: tafuta tabaka la maji kabla ya kumtafuta samaki. Lakini sababu za samaki wetu ni nyingine kabisa. Maji ya juu ya Tanganyika huwa kati ya nyuzi 24 na 28, na yale ya chini kabisa ni kama 23. Hakuna ubaridi wa kukimbilia. Huku wanaongozwa na hewa, mwanga na chakula. Dagaa hushinda chini mchana, jua likizama hupanda kufuata vijidudu wanavyovila, na mgebuka huja nyuma ya dagaa. Ukilijua hilo tu, umeshaelewa kwa nini njia moja inafaa alfajiri na nyingine usiku.

Maji yetu pia ni meupe sana. Siku tulivu, mbali na mito, macho hupenya mita kumi hadi ishirini. Samaki naye anaona hivyo hivyo, na mshipi mnene kama kamba ya viatu humfukuza.

Ninavyozipima

Kila njia nitaitazama kwa mambo yale yale: vifaa vinavyohitajika, kina kinachofikiwa na samaki wanaopatikana, muda na jasho, usalama, na mwisho mtu anayefaa kuitumia.

Sheria nimeiweka pembeni kwa sababu ni moja kwa njia zote. Uvuvi unaongozwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Kabla ya kutia ndoano majini, muulize afisa uvuvi kuhusu leseni, kisha wasalimie wana BMU, kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi, wa mwalo unaokwenda. Uliza pia kama ziwa liko wazi: mwaka 2024 lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na tarehe za mwaka wako wanazo wao. Maji yaliyo mbele ya Milima ya Mahale, ukanda wa takriban kilomita 1.6 kutoka ufukweni, ni sehemu ya hifadhi. Kule Gombe nako usivue bila ruhusa ya hifadhi.

Kutoka mwambani

*Vifaa.* Hii ndiyo ya bei ndogo kuliko zote. Mshipi wa nailoni wa mita 50 au 60, wembamba wa milimita 0.35 hadi 0.40, ukiuzungushia kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu. Ndoano mbili. Chubwi linaweza kuwa nati ya chuma au jiwe refu lenye kiuno. Chambo ni dagaa wabichi wa asubuhi kutoka Kibirizi, au nyungunyungu.

Kurusha kuna namna yake. Shika chupa kwa mkono wa kushoto, kitako kikikutazama na mdomo ukielekea ziwani. Mkono wa kulia unazungusha chubwi pembeni mara mbili au tatu, kisha unaliachia. Mshipi utachomoka kwenye chupa wenyewe kama uzi kwenye kibiringo. Ukiishika chupa kwa ubavu, mshipi utajifunga na chubwi litarudi kwako.

Na sasa jambo ambalo lingeniokolea mishipi mingi kama ningelijua mapema. Chini ya maji ya Kigoma ni mawe juu ya mawe, na chubwi hupenda kunasa katikati yake. Usilifunge kwa mshipi wenyewe. Lifunge kwa uzi dhaifu, hata uzi wa kushonea uliokunjwa mara mbili, chini ya ndoano. Likinasa, vuta: uzi unakatika, jiwe linabaki ziwani, ndoano na samaki vinakuja. Ndiyo sababu napenda jiwe kuliko risasi. Jiwe halina gharama, na halitii sumu kwenye maji tunayochota.

*Kina na samaki.* Kwenye rasi zenye mwamba, kama za Bangwe na kuelekea Katonga, ukingo unashuka ghafla, na kwa mrusho wa kawaida utafika mita 10 hadi 25. Ndani ya ghuba zenye mchanga kina ni kidogo zaidi. Mwambani utapata aina nyingi za samaki wadogo wa mawe, na jioni kambale. Kwenye ghuba kuna ngege. Samaki wa heshima wa ufukweni ni kuhe, ambaye anaweza kupita sentimita 60, na ambaye katika jamii yake nzima, ile iliyo pia na ngege na perege, ndiye mkubwa kuliko wote duniani.

Kuhusu kuhe nina ombi. Dume na jike hulinda mayai na watoto wao pamoja kwa wiki nyingi karibu na ufukwe, na wataalamu wengi wanaamini huzaa mara moja tu maishani kisha hufa. Ukiona kuhe wawili wamesimama sehemu moja, chini yao kukiwa na wingu la vitoto, hamisha mshipi. Ukimtoa mmoja, wale maelfu wataliwa kabla ya jioni.

*Muda na jasho.* Saa kumi na moja na nusu alfajiri hadi saa mbili, kisha tena kuanzia saa kumi na moja jioni. Katikati ya mchana unapoteza chambo tu. Jasho ni dogo.

*Usalama.* Mawe yenye ukoko wa kijani huteleza. Yuko pia nyoka wa majini anayewinda samaki kwenye mawe haya. Ni mwenye sumu kali lakini ni mwoga, mwache apite na usitie mkono kwenye nyufa. Kwenye ghuba zenye majani na maji yaliyotulia usisimame majini kwa muda mrefu, kichocho kipo. Kuhusu mamba, waulize wenyeji wa hapo hapo, si wa mwalo wa pili.

*Humfaa nani.* Mwenye mtoto wa kumfundisha, asiyejua kuogelea, mwenye saa mbili tu kabla ya kazi, na mgeni anayetaka kulizoea ziwa kabla ya kulipanda. Hamfai anayehitaji kitoweo cha watu wanane kwa uhakika.

Mshipi wima kutoka kwenye mtumbwi

Nikilazimishwa kusema ni njia ipi inayomfundisha mtu ziwa hili, nitataja hii. Na ndiyo iliyo karibu zaidi na yale shemeji aliyosoma kuhusu trauti, kwa sababu kazi yake ni kutafuta tabaka.

*Vifaa.* Mtumbwi wa kuazima au kukodi, makafi mawili, kitu cha kukombea maji, na mshipi wa mita 80 hadi 100 kwenye kibao. Upime mshipi nyumbani kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, karibu mita 1.8 kwa mtu mzima. Kila pima tano funga uzi wa rangi: mwekundu tano, mweupe kumi, mwekundu tena kumi na tano. Gizani weka mafundo badala ya rangi, vidole vitasoma. Pima 55 ni kama mita 100, na huko ndiko mwisho wa samaki upande wetu, hivyo mshipi mrefu zaidi ya hapo ni mzigo. Chubwi liwe zito kidogo, gramu 200 hadi 300, ili mshipi ushuke wima. Ukilala kwa mkondo, alama zako zinakudanganya.

Nanga haitakusaidia kwenye kina hiki. Tunatumia ndoo. Toboa ndoo ya plastiki matundu machache kitakoni, ifunge kamba kwenye mpini, itupe majini upande wa mbele wa mtumbwi. Inajaa maji na kukokoteka, na mtumbwi unaokimbizwa na upepo unakuwa wa kutembea polepole, pua ikiutazama upepo.

*Kina na samaki.* Anza pale chini panapofikiwa na mshipi, tuseme mita 40 hadi 70 kwenye mteremko wa ukingo. Shusha hadi chubwi ligonge, kisha pandisha pima mbili na usubiri dakika kumi. Pandisha tano. Subiri tena. Mkiwa wawili, mmoja aanzie chini na mwingine aanzie pima kumi, mkutane katikati. Wa kwanza kuguswa atangaze namba ya pima na mwenzake apeleke ndoano hapo hapo bila kubishana. Nimeshaona watu wawili kwenye mtumbwi mmoja, mmoja akitoa samaki watano na mwingine hana kitu, tofauti yao ikiwa pima sita tu.

Samaki wa huku ni sangala kwenye miteremko, mgebuka wanaopita maji ya kati, na kuhe akiwa mbali kidogo na mawe. Kambale nao huuma chini. Akiuma kitu na mkono ukapigwa shoti kupitia mshipi uliolowa, ni kambale wa umeme. Kata mshipi kwa kisu chenye mpini mkavu na usimguse.

Hapa kuna tofauti kubwa na trauti ambayo haina budi kusemwa. Trauti anaweza kutoa kwa mdomo hewa ya pulizo lake, yaani mfuko wa hewa wa ndani unaomsaidia kuelea, kwa hiyo akitolewa kilindini na kurudishwa ana nafasi ya kuishi. Sangala, mgebuka na kuhe hawana njia hiyo. Ukiwapandisha kutoka mita 40, hewa ya ndani hutanuka, tumbo huvimba, wakati mwingine utumbo hutokeza mdomoni. Ukimrudisha ataelea akifa. Basi kwa njia hii, ulichokitoa ni chako. Ukipata wa kutosha, funga mshipi uende nyumbani, usiendelee kuvua kwa kuwarudisha.

*Muda na jasho.* Nusu siku, pamoja na kupiga kafi kwenda na kurudi. Kupandisha mshipi wa mita 60 kwa mkono mara ishirini kunachoma vidole. Vaa kipande cha mpira wa baiskeli kwenye kidole cha shahada. Asubuhi ndiyo bora, kabla upepo haujaamka.

*Usalama.* Upepo ndio adui. Kuanzia Mei hadi Agosti au Septemba upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu, na kwa sisi tulio ukingo wa mashariki unatusukuma kutoka pwani kuelekea katikati. Unapovua ukitazama mshipi hutambui. Mwaka mmoja mimi na mpwa wangu tulitoka Katonga saa kumi na mbili asubuhi, samaki wakawa wanauma, tukainua macho saa tatu tukakuta nyumba zimekuwa vidoti. Tulipiga kafi saa mbili na nusu kurudi, mikono ikivuja damu, na mtoto yule hakuwa na jaketi okozi. Sijasahau uso wake. Tangu siku ile nachagua alama mbili nchi kavu, mti na paa la bati, na kila nikibadilisha chambo nazitazama. Zikianza kuachana, tunarudi, hata kama samaki anauma.

*Humfaa nani.* Wawili wanaoelewana, wenye nguvu, wanaojua kuogelea, na walio tayari kukaa kimya saa tatu. Asiyejua kuogelea asiende bila jaketi, na peke yako usiende kabisa.

Kukokota chambo nyuma ya mtumbwi

*Vifaa.* Mtumbwi ule ule, mshipi wa mita 50, na kijiko. Ndiyo, kijiko cha chai. Kata mpini, toboa tundu kila upande, ndoano mkiani, mshipi kichwani, kisha king'arishe kwa majivu. Kikivutwa kinayumba na kumetameta kama dagaa aliyejeruhiwa. Mbele yake, mita moja hivi, weka kile kidude cha chuma kinachozunguka ili mshipi usijisokote. Hiki nunua dukani, hakina mbadala mzuri. Chubwi dogo liwe mbele zaidi, kama mita tatu.

*Kina na samaki.* Hapa watu wengi hujidanganya. Mshipi wa mita 40 hauko mita 40 chini. Ukienda taratibu na mshipi ukaingia majini kwa pembe ya nyuzi 45, chambo kiko karibu mita 28, pengine pungufu kwa kuwa mshipi hujipinda. Ukiongeza kasi na pembe ikawa nyuzi 20, chambo kimepanda hadi mita 14 au pungufu. Kwa maneno mengine, kafi ndiyo kidhibiti chako cha kina: piga mara kumi, tulia hesabu tano, piga tena. Kijiko kikizama wakati wa kutulia na kupanda wakati wa kuvutwa, mara nyingi huumwa pale kinapoanza kupanda.

Mgebuka ndiye hasa, na huyu hufika karibu sentimita 45. Pita kando ya ukingo wa mawe, au mahali ndege wanapopiga mbizi. Chini yao pana dagaa. Kuhe naye hushambulia kijiko.

*Muda na jasho.* Jasho ni jingi kuliko njia zote, maana ukisimama unavua kidogo. Faida ni kwamba unapekua maji mengi kwa saa moja. Usipojua samaki wako wapi, ndiyo njia ya kuwatafuta, na ukishaumwa mara mbili sehemu moja unaweza kusimama na kuteremsha mshipi wima.

*Usalama.* Upepo ni ule ule, ila hapa unatazama mbele na pwani iko machoni. Mshipi usiufunge kwenye kidole wala kwenye mguu. Uzungushe mara moja kwenye kipande cha ubao, ukikanyaga ubao huo. Epuka njia za maboti na nyavu za watu. Jarife la mwenzako likikatwa na ndoano yako, umemkata mkate.

*Humfaa nani.* Kijana mwenye mabega, anayechoka kukaa mahali pamoja. Pia mgeni anayetaka kuona milima ya ukingo na vijiji njiani; akirudi mikono mitupu bado ametembea.

Usiku, chini ya taa

*Vifaa.* Mshipi wa pima thelathini wenye ndoano tano hadi kumi zilizopangwa kwa vitagaa vifupi, kila ndoano ikiwa na unyoya mweupe wa kuku au nyuzi za mfuko wa sandarusi. Chambo hakihitajiki. Kitu cha gharama, yaani boti, taa na wavu, ni cha watu wengine, na wewe ni mgeni wao.

*Kina na samaki.* Taa, iwe karabai au hizi za betri zilizoenea siku hizi, huvuta vijidudu, vijidudu huvuta dagaa, na dagaa huwaleta mgebuka ambao huzunguka chini na pembeni ya mwanga. Anza pima 15 hadi 20, ukichezesha mshipi juu na chini kwa mkono mzima, na usogee juu kadiri usiku unavyokwenda. Usiku mzuri ndoano tatu hujaa kwa mpigo. Kwa wingi wa kitoweo, hakuna njia ya mkono inayoifikia hii.

Ila boti ni la nahodha. Panda kwa ruhusa yake, mkubaliane mapema samaki wako ni wako au mnagawana, na akisema wavu unainuliwa, kunja mshipi papo hapo. Ndoano moja ikinasa kwenye wavu wa dagaa wenye macho madogo vile, imeharibu kazi ya watu na riziki ya watoto wao.

*Muda na jasho.* Kuanzia magharibi hadi alfajiri. Siku ya pili hufanyi kazi. Na kuna siku hakuna safari kabisa: mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa hauna nguvu, dagaa hawakusanyiki, na wavuvi hupumzika kama wiki moja hivi. Tazama mbalamwezi kabla ya kukata tiketi ya treni.

*Usalama.* Usiku wa masika una radi na dhoruba za ghafla. Jaketi okozi ni lazima, hata kama wenyeji wako hawavai. Faida ni kwamba uko na watu wanaolijua ziwa.

*Humfaa nani.* Mwenye tumbo lisilochafuka kwa mawimbi, mwenye adabu za kuishi na watu kazini, na anayetaka samaki wengi kuliko anavyotaka utulivu. Mtoto hapana.

Basi uchague kwa hali yako

Kama una asubuhi moja tu na hujui mtu yeyote Kigoma, nenda mwambani. Huhitaji kumwomba mtu chombo, na kama upepo ukiamka unaondoka kwa miguu. Ukiwa na watoto jibu ni hilo hilo. Wape nyungunyungu na ndoano ndogo ghubani, wacheke na visamaki vyao, wewe urushe mbali kutoka kwenye mawe.

Kama una siku tatu au nne na mwenzako unayemwamini, siku ya kwanza kokoteni kijiko alfajiri mkitafuta, siku zinazofuata rudini pale mlipoumwa mkiwa na mishipi iliyopimwa. Njia hizi mbili husaidiana, na mtumbwi mmoja hubeba vifaa vya zote.

Kati ya Mei na Agosti hakikisha kwanza ziwa limefunguliwa. Likiwa wazi, mimi kwa pepo zile ningebaki mwambani siku nyingi, na mtumbwini ningetoka saa kumi na mbili kurudi saa tatu bila kuongeza hata nusu saa.

Kama kuna harusi au msiba na familia inahitaji kitoweo kingi, na mwezi bado ni mchanga, tafuta nahodha pale Kibirizi au Katonga mchana, wakati wanatengeneza nyavu. Usimwendee saa kumi na mbili jioni akiwa anasukuma boti. Mwezi ukiwa mpevu, usipoteze muda huko. Mshipi wima alfajiri utakupa sangala mmoja au wawili wa kutosha sufuria.

Shemeji alichagua mtumbwi. Siku ya nne, pima 22 kamili, alitoa mgebuka sita, na jioni hiyo alikaa barazani akifunga nyuzi nyekundu na nyeupe kwenye mshipi mpya wa kupeleka kwao, ingawa Igombe hauna kina cha kuzihitaji. Nawe ukija kutoka Tabora kama yeye, viboya viache nyumbani. Ila chimba nyungunyungu kabla ya safari, uwaweke kwenye kopo lenye udongo mbichi na matundu kwenye kifuniko, maana kiangazi kuwachimba kwenye mawe ya huku ni taabu, na boti za dagaa zisipotoka usiku, asubuhi hutakuwa na chambo kingine.